Maturubai Matatu ya Nyuma ya Mlango

Ami yangu ana duka la vifaa Kizimkazi Mkunguni. Si duka kubwa. Ukisimama mlangoni unaliona lote: misumari ndani ya makopo ya maziwa, kamba zimening'inia juu, makopo ya rangi ukutani, na nyuma kabisa mifuko ya saruji imepangwa juu ya mbao ili isinyonye unyevu wa sakafu. Sehemu ya ada yangu ambayo mkopo wa bodi hauifikii inatoka humo. Kwa hiyo nikiandika habari za duka hili siandiki kama mtafiti. Nakula humo.

Ninayosimulia yalitokea mwaka 2024, nikiwa mwaka wa pili hapa Tunguu, nasoma uhasibu. Kosa lilikuwa langu. Nimekaa nalo muda mrefu bila kumwambia mtu, nikaona bora niliandike, maana wengi wetu tunarudi makwetu likizo na madaftari ya darasani, na makwetu kuna mtu anayetusikiliza kwa sababu tu tumesoma.

Kwanza nieleze duka la kijijini linavyonunua mali, kwa sababu mtu wa mjini anaweza kudhani ni jambo dogo. Mjini ukikosa bomba la inchi moja duka hili, unavuka barabara unalipata duka la pili. Kutoka Kizimkazi hadi mjini ni kama kilomita 50. Ukikosa kwa ami, umekosa siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi. Naye ami hawezi kuweka kila kitu, mtaji haumruhusu. Inabidi abashiri. Kila baada ya miezi michache anakaa barazani na kalamu, anajiuliza watu watataka nini wiki zijazo, halafu anapeleka pesa mjini kununua jibu.

Jibu lenyewe linategemea kalenda tatu, na kalenda hizo hazisikilizani.

Ya kwanza ni ya pepo na mvua. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba, jua ni kali na watu wanajenga: saruji, nondo, mabati. Machi yakianza masika saruji inalala, yanaamka maturubai, misumari ya bati, lami ya kuzibia matundu, ndoo na mabuti. Kuanzia Juni upepo wa kusi unavuma kwa nguvu, bahari inachafuka, na wavuvi wanataka kamba za nanga na pamba za kalafati. Oktoba inaingia vuli, mvua za mguu ndani mguu nje, na hapo hujui hasa uweke nini.

Ya pili ni ya mwezi. Kabla ya Idi watu wanapaka nyumba rangi. Lakini mwaka wa Kiislamu unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka kwa hesabu ya jua. Mwaka 2021 Idi ya Ramadhani iliangukia katikati ya Mei. 2024 ilikuwa imesharudi hadi wiki ya pili ya Aprili. Maana yake rangi ya Idi kuna miaka inauzwa kwenye jua kali, na kuna miaka inauzwa katikati ya mvua, ukuta haukauki na mteja analalamika kwako kama wewe ndiye uliyeteremsha mvua.

Ya tatu ni ya wageni. Kizimkazi watu wanakuja kuangalia pomboo. Aprili na Mei wageni wanapungua, hoteli nyingi za pwani zinafunga au zinapunguza vyumba, na hapo ndipo mafundi wanaingizwa. Kwa hiyo mvua ile ile inayomzuia mwanakijiji kujenga, ndiyo inayoifanya hoteli inunue rangi na saruji ya ukarabati. Juni wageni wakirudi, wenye boti nao wanakuwa wameshapaka boti zao.

Babu yetu, Mungu amrehemu, alikuwa nahodha, na ndiye aliyemfundisha ami kubashiri. Yeye alihesabu kwa miongo, yaani makumi ya siku, kuanzia Siku ya Mwaka, ile ambayo wenzetu wa Makunduchi wanaisherehekea kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Miongo 36 ni siku 360, unaongeza tano, mwaka umetimia. Kwa hesabu hiyo manahodha wa zamani walijua lini pepo zinageuka na lini chombo kikae pwani. Ami hana chombo, lakini alirithi hesabu. Alikuwa akisema, "Mwongo fulani ukifika, mie sina saruji nyingi dukani," na kweli hana.

Na alirithi jambo jingine. Nyuma ya mlango wa duka kulikuwa na maturubai matatu makubwa, yamekunjwa, yamefungwa kamba, hayauzwi. Ukiuliza bei anakwambia yana mwenyewe. Masika yakiisha salama anayatoa na kuyauza, kisha mwakani analeta mengine matatu. Utotoni nilidhani kweli yana mwenyewe.

Februari 2024 nilirudi likizo nikiwa nimetoka kufanya mtihani wa usimamizi wa mali ghalani, na nilikuwa nimefaulu vizuri. Nikamwomba ami daftari la mauzo. Ami anaandika kila kitu, kwa mwandiko wa kuumiza macho. Siku nne nilikaa naingiza mauzo ya miaka mitatu kwenye kompyuta ya rafiki yangu: kila kopo la rangi, kila kilo ya misumari. Nikachora na michoro ya rangi rangi. Nikamwonesha barazani baada ya Alasiri.

Michoro ilisema hivi. Masika ya 2021, 2022 na 2023, maturubai yaliuzwa kidogo mno. Kila mwaka yalibaki. Rangi na saruji za Aprili, kwa sababu ya Idi na hoteli, ziliuzwa vizuri. Kwa hiyo, nikasema, punguza maturubai kutoka 20 hadi manane, punguza na mabati, ongeza saruji na rangi. Nikamwonesha na yale matatu ya nyuma ya mlango. "Ami, hii ni pesa iliyolala. Miaka yote hii ungekuwa umeizungusha."

Ami akakaa kimya, anaangalia kioo cha kompyuta kama anavyoangalia bahari. Kisha akaniuliza, "Na vuli iliyopita umeiweka wapi?"

Swali zuri. Vuli ya 2023 ilikuwa ya mvua kubwa, mwaka wa El Niño. Mauzo ya maturubai yalipanda ghafla, mchoro ukawa na kilima kimoja kirefu kilichoharibu umbo lote. Nikamjibu kwa kujiamini, "Ile nimeitoa, ami. Ilikuwa tukio la pekee, inaharibu wastani."

Ami akacheka kidogo. "Haya. Wewe ndiye msomi wetu." Akanunua kama nilivyosema. Na yale matatu akayauza wiki ile ile kwa mwenye kuanika dagaa.

Wenzangu mnaosoma takwimu mmeshaona nilipoteleza. Miaka yangu mitatu haikuwa mashahidi watatu. La Niña ilianza 2020 ikadumu hadi mwanzoni mwa 2023, na upande wetu wa Afrika Mashariki mara nyingi huja na mvua pungufu, hasa za vuli. Kwa hiyo niliwauliza ndugu watatu wa nyumba moja swali moja, wakanipa jibu moja, nikaliita ukweli. Alipotokea wa nne na jibu tofauti, nikamtoa barazani. Na kuna jambo baya zaidi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa masika kila mwaka kabla mvua hazijaanza, na unasomwa redioni. Mie sikuutafuta hata kuusoma. Nilikuwa na mchoro.

Mvua zikaja. Aprili ile ilinyesha sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na mafuriko yaliua watu Kenya na Tanzania Bara. Kwetu maturubai manane yaliisha hata Idi haijafika. Misumari ya bati ikafuata. Watu wanakuja, ami anasema hamna, wanaondoka. Wakati huo huo mifuko yangu ya saruji, 60 kwa hesabu, haiendi. Hoteli zilinunua kidogo, mafundi wamekaa ndani wanasubiri jua. Nyuma ya duka paa lenyewe lilianza kuvuja, ami akachukua turubai letu la nyumbani, kuukuu kidogo lakini zima, akafunika saruji. Nilikuwa chuoni. Nilipiga simu, akaniambia mambo mazuri tu.

Mwanzoni mwa Mei ikaja habari ya kimbunga. Hidaya. Jina lenyewe ni zawadi. Watu wengi hawakuamini, mie mmoja wao. Unguja iko kama nyuzi sita tu kusini ya Ikweta, na karibu na Ikweta ule msukumo wa mzunguko wa dunia unaofanya upepo ujizungushe ni hafifu, kwa hiyo vimbunga kwetu ni nadra. Lakini nadra si kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu mingi mno, kikazamisha na vyombo bandarini. Pemba ilisalimika, na tangu hapo karafuu nyingi zikawa za Pemba. Mwaka 1952 Lindi ilipata chake. Haya nimeyasoma baadaye. Kwenye wastani wangu hayakuwemo, na wala yasingeingia hata ningechukua miaka 30.

Ijumaa ya tarehe 3 Mei nilipanda daladala kurudi nyumbani. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilikuwa zimesimamishwa, na wavuvi walikuwa wanavuta vyombo juu. Nilimkuta ami dukani anazungumza na watu wawili.

Mmoja alikuwa msimamizi wa nyumba moja ya wageni. Anataka turubai, bei yoyote. Vyumba vyake viwili vimetolewa paa kwa ukarabati, ndani kuna magodoro mapya. Ametoa pesa, ameziweka juu ya meza.

Wa pili alikuwa bibi jirani yetu, anaishi na wajukuu wanne. Nyumba yake ya makuti, upande mmoja yameoza. Yeye hakuweka kitu juu ya meza. Alisimama tu mlangoni na kanga yake imelowa.

"Bibi, shikamoo," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Umekuja na mvua?"

Ami alimwambia msimamizi duka halina turubai, na hilo lilikuwa kweli. Mjini alishapiga simu, mwenye duka la jumla naye kamwambia asubiri mzigo wa Dar. Msimamizi akachungulia nyuma. "Na lile lililofunika saruji?"

Nakumbuka nilivyohesabu kichwani kwa haraka. Ile pesa ya mezani ilikuwa mara tatu ya bei ya turubai jipya. Ukiuza, unafidia sehemu ya saruji itakayolowa. Nikamvuta ami pembeni nikamwambia. Nilisema maneno yale yale ya darasani: punguza hasara.

Ami hakunijibu. Alikwenda nyuma, akafungua kamba, akalikung'uta turubai, akalikunja, akampa bibi. "Chukua, bibi. Vijana watakuja kukufungia." Kisha akamgeukia msimamizi kwa upole kabisa. "Magodoro yako yapandishe juu ya meza, ndugu yangu, uyapeleke chumba kingine. Wajukuu zake huyu hawana chumba kingine."

Msimamizi alichukua pesa zake akaondoka. Hakukasirika sana, au hakuonesha. Mie nilipewa ngazi na nyundo. Tulifunga lile turubai mimi na vijana wawili, mvua inatupiga machoni, na kwa kuwa misumari ya bati ilikuwa imekwisha dukani kwetu, tulifunga kwa kamba na mawe. Mtoto mmoja alinishikia tochi. Alikuwa na miaka kama saba, na mkono haukumtetemeka.

Kimbunga Hidaya kilifika Mafia Jumamosi tarehe 4 Mei na kikapungua nguvu. Kusini, upande wa Kilwa na Lindi, mvua zake zilikata barabara kuu. Kwetu ulikuwa usiku wa upepo na mvua, si zaidi. Asubuhi nilipita kwa bibi. Turubai limeshika. Ndani kavu, isipokuwa pembe moja. Watoto wanakula mihogo.

Dukani tulihesabu mifuko 27 ya saruji imelowa. Kwa anayejua saruji, hakuna cha kuokoa pale. Unaweza kukausha mchele, unaweza kukausha karafuu, saruji ikishanywa maji imekwisha. Tuliitoa moja moja ikiwa imeshaanza kuwa mawe. Ilikuwa zaidi ya laki nne, na nyingine tulikuwa tumechukua kwa mkopo kwa mwenye duka la jumla. Muhula uliofuata ada yangu ilichelewa, nikakaa wiki tatu nikihudhuria vipindi kama mgeni, sijui kama jina langu lipo kwenye orodha. Wenzangu waliona nimenyamaza wakadhani ni mapenzi.

Ami hakuwahi kunilaumu. Ingekuwa rahisi kama angenilaumu. Jioni moja barazani nilimwomba radhi mwenyewe. Akasema kitu ambacho sikukitarajia: "Hesabu ya babu yako nayo siku hizi inakosea. Mwongo unafika, mvua haipo. Mvua inakuja, mwongo bado. Usidhani mie najua." Nikamuuliza, sasa yale matatu ya nyuma ya mlango yalikuwa ya hesabu gani? Akafikiri kidogo. "Yale hayakuwa ya hesabu. Yale yalikuwa kwa sababu hesabu inakosea."

Hapo ndipo nilipoielewa ile pesa niliyoiita imelala. Darasani tunafundishwa gharama ya kuweka mali: nafasi, mtaji, kuharibika. Hizo zina namba, zinaingia kwenye jedwali. Tunafundishwa pia gharama ya kukosa mali, lakini tunaiandika kama faida iliyopotea, mteja mmoja kaenda duka la pili. Kizimkazi usiku wa tarehe 3 Mei hapakuwa na duka la pili. Gharama ya kukosa ilikuwa watoto wanne chini ya makuti yaliyooza, na haikuangukia kwenye daftari la ami, iliangukia kwa bibi. Ndiyo maana sikuiona. Maturubai matatu yalikuwa yanamgharimu ami pesa kidogo kila mwaka ili jirani asilipe nyingi mwaka mmoja asioujua mtu.

Na wala sisemi tutupe kompyuta turudi kuhesabu nyota. Duka la ami sasa lina jedwali langu, na limemsaidia. Tumegundua, kwa mfano, rangi ya Idi inabidi iagizwe kwa kufuata mwezi na si kwa kufuata Aprili, na hiyo peke yake imetuokolea makopo mengi. Kila mwaka nasikiliza mwelekeo wa masika, na wa vuli, naandika pembeni. Vuli ya 2023 nimeirudisha. Kile kilima kirefu kinaharibu umbo la mchoro wote, na nimekiacha kiharibu.

Bibi alirudisha turubai mwezi wa Julai, makuti mapya yalipokwisha kuezekwa. Alikuwa amelifua. Alikuja nalo kichwani, na mkononi pweza mmoja aliyemtoa mwenyewe mwambani asubuhi ile. Ami alijaribu kumkatalia pweza, akashindwa. Mie nilipewa turubai nilipeleke nyuma ya mlango.

Machi iliyofuata ami alileta mawili mengine kujazia. Mteja mmoja akayaona, akauliza bei. Nilikuwa mie dukani. Nikamwambia yana mwenyewe.